Habari za Kutu katika Nchi ya Shaba

Mwanzoni mwa majira ya mvua tuliitwa kwa mama mmoja mjane wa Katuba, si kwa ajili ya mafundisho, bali kwa ajili ya paa lake. Maji yalikuwa yakiingia nyumbani mahali pengi, na watoto walikuwa wamehamisha kitanda mara tatu kwa usiku mmoja. Mabati yenyewe yalikuwa mapya, hayajamaliza miaka mitatu.

Mama akatuambia, "Mwalimu, nilijinyima muda mrefu ili nipate mabati haya. Aliyeniuzia amenidanganya."

Tukapanda ngazi, tukatazama. Katikati, mabati yalikuwa mazima, yaking'aa vizuri. Lakini kila mahali fundi alipoyafunga kwa waya wa shaba palikuwa na tundu, na kandokando ya tundu kutu nyekundu kama udongo wa kichuguu. Mwuzaji hakudanganya. Wala fundi hakuwa mwizi: alipungukiwa misumari, akaona waya wa shaba karibu, naye akafikiri kwamba shaba, kwa kuwa haiozi, itayashika mabati daima.

Basi, katika nchi hii iliyojulikana duniani kote kwa shaba yake, shaba ndiyo iliyotoboa paa la mjane. Jambo hili lilitukaa moyoni. Tuliporudi nyumbani tulitafuta habari zake katika vitabu, tukaona kwamba ni habari ya zamani sana, nayo yafaa ijulikane na kila mwenye nyumba.

MISALABA YA KABURINI

Kaskazini ya jimbo letu, katika bonde la Upemba, liko ziwa Kisale, na kando yake mahali paitwapo Sanga. Huko, mwaka 1957, mtaalamu Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi ya watu wa kale, na mwaka 1974 Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo. Wenyeji wa zamani walikuwa wakizika wafu wao pamoja na vyungu, mapambo, na vitu vya chuma na vya shaba. Makaburi mengine ni ya miaka elfu moja na zaidi. Katika yale yaliyofuata, tangu karibu karne ya 14, ilionekana ile misalaba midogo ya shaba ambayo kila mtu wa Katanga anaijua kwa sura yake. Ilikuwa ni mali. Watu waliitumia kama fedha.

Misalaba hiyo ililala udongoni mamia ya miaka, ikapitiwa na maji ya mvua nyingi. Ilipotolewa ilikuwa na rangi ya kijani, lakini sura yake ilikuwa ile ile. Vitu vya chuma havikubahatika hivyo. Chuma kilicholala ardhini mwenye unyevu huvimba, hupasuka, na hatimaye hugeuka kuwa udongo mwekundu.

Kwa nini shaba yadumu na chuma chaharibika? Wengi hudhani kwamba shaba haipati kutu kabisa. Sivyo. Shaba nayo huliwa na hewa na maji, na ile rangi ya kijani ndiyo kutu yake. Bali kutu hiyo hushikamana na shaba kama ngozi na mwili. Ikiisha kuifunika yote, maji na hewa havipiti tena kwa urahisi, na shaba iliyo chini yake hukaa salama. Kutu ya chuma haina tabia hiyo. Ni nyepesi kama maganda. Huinuka, hubanduka, na kuacha chuma kingine wazi kwa maji. Kwa hiyo kutu ya chuma haishibi. Itakula mpaka mwisho, isipokuwa mtu ameizuia.

Injili yenyewe yaitaja kutu pamoja na nondo na wezi, kama kitu kinachoharibu hazina za duniani. Watu wa kale waliifahamu vema hasara hiyo, maana jembe, shoka na mkuki vilikuwa utajiri wao.

WAKULA SHABA

Babu zetu walijua kazi ya madini kabla ya kuja reli. Wayeke na Wasanga waliokota mawe ya kijani, yaani malakiti, wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Walijenga tanuru kwa udongo wa vichuguu, wakatia makaa ya miti, wakavukuta kwa mivukuto mpaka shaba ikatiririka. Watu wa kazi hiyo waliitwa wakula shaba, ndiyo kusema watu waliopata chakula chao kwa shaba. Padri Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye Askofu wa Katanga, aliwaomba wazee walioijua kazi hiyo waifanye tena mbele ya macho yake, naye akaiandika habari yake mwaka 1926. Kama asingaliandika, pengine sehemu kubwa ya maarifa hayo ingalizikwa pamoja na wazee wale.

Na chuma je? Waluba walimheshimu mhunzi hata wakaweka nyundo yake katika mambo ya kumtawaza mfalme. Chuma kilikuwa kitu cha heshima, na kitu cha heshima hutunzwa. Bibi yetu, huko kijijini, hakuliacha jembe nje hata siku moja. Alilifuta udongo, akalichomeka juu ya moto wa jikoni, mahali pakavu penye moshi. Tulipokuwa watoto tulidhani ni desturi tu. Sasa twaona kwamba ilikuwa elimu, maana kutu yahitaji vitu viwili pamoja, hewa na maji. Ukiondoa kimoja, kutu haina nguvu. Bibi hakuweza kuiondoa hewa, aliyaondoa maji.

MERIKEBU ILIYOLIWA MISUMARI

Sasa twende mbali kidogo, mpaka baharini, maana huko ndiko neno la yule mjane lilikotokea kwanza kwa namna iliyo wazi.

Zamani merikebu zilikuwa za mbao, na katika bahari za joto wadudu walitoboa mbao hizo mpaka merikebu zikazama. Mwaka 1761 Waingereza walifunika tumbo la merikebu moja ya vita, jina lake Alarm, kwa mabamba ya shaba, wakayapigilia. Wadudu walishindwa. Lakini merikebu iliporudi na kukaguliwa mwaka 1763, waliona ajabu. Mabamba ya shaba yalikuwa mazuri, bali misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeliwa vibaya, mingine karibu kwisha. Misumari michache tu ilikuwa mizima. Walipoichunguza waliona kwamba kati yake na shaba kulibaki karatasi ya kufungia ambayo mafundi walisahau kuiondoa. Mahali shaba na chuma vilipotengwa, chuma kilipona. Mahali vilipogusana, chuma kilikufa.

Sababu yake haikujulikana wakati ule. Mwaka 1800, huko Italia, Alessandro Volta alipanga sahani za madini ya namna mbili, zinki na shaba au fedha, na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya chumvi. Akapata umeme. Hiyo ndiyo mama ya betri zote. Betri za kawaida za redio zetu na za tochi huwa na kopo la zinki, na kila kitumiapo umeme, zinki hupungua. Ndiyo maana betri ya zamani hutoboka na kuvuja.

Basi sheria ni hii. Madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana, na maji yakiwa juu yake, moja hujitoa na kuliwa, na jingine hulindwa. Zinki hujitoa kwanza. Baada yake chuma. Shaba huja nyuma sana. Zinki ikiwa pamoja na chuma, zinki huliwa na chuma hupona. Chuma kikiwa pamoja na shaba, chuma huliwa na shaba hupona. Yule fundi wa Katuba, bila kujua, alijenga betri juu ya paa la mjane: mabati yenye zinki, waya wa shaba, na mvua ya Mwenyezi Mungu katikati.

Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy aliitumia sheria hiyo kwa kusudi. Alifunga vipande vya zinki au chuma kwenye shaba za merikebu, na shaba ikaacha kuliwa kabisa. Lakini hapo likatokea jambo asilolitazamia. Shaba iliyokuwa ikiliwa kidogo kidogo ilikuwa ikitoa sumu iliyowafukuza viumbe vya baharini. Ilipokoma kuliwa, magugu na makome yakaishika, na merikebu zikawa nzito. Hata hivyo somo lilibaki: kipande kidogo cha madini dhaifu chaweza kufa badala ya kikubwa.

MABATI NA ZINKI

Somo hilo ndilo lililoleta mabati tunayolala chini yake. Mwaka 1829, huko London, Henry Robinson Palmer alipata hati ya serikali kwa ajili ya mabamba ya chuma yaliyokunjwa mawimbi, ili yawe mepesi lakini yenye nguvu. Mabamba hayo yalikuwa mazuri, ila kutu iliyamaliza upesi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati yake ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Toka hapo bamba la chuma likawa na vazi.

Vazi hilo si kama rangi tu. Rangi hukinga kwa kufunika. Ikikwaruzwa, kutu huingia papo hapo na kutambaa chini yake. Zinki hufunika, na tena hujitoa. Ukilikwaruza bati kidogo mpaka chuma kikaonekana, zinki iliyo kando yake itaendelea kuliwa kwa ajili ya chuma kile. Linganisha na kopo la samaki au la nyanya. Makopo kama hayo yalianza Uingereza, kwa hati ya Peter Durand ya mwaka 1810, nayo ni chuma kilichopakwa bati halisi, yale madini meupe tuliyoazima jina lake kwa mabamba ya nyumba. Bati halisi halijitoi. Kopo likikwaruzwa, chuma ndicho kinacholiwa, na kopo lililotupwa uani huwa jekundu baada ya mvua chache. Bali bati la paa, lililopakwa zinki, hukaa miaka mingi.

Na zinki yatoka wapi? Hapa, wasomaji wapenzi, hatuna budi kutazama karibu. Kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia, liko shimo la Kipushi. Lilifunguliwa mwaka 1924, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Watu walilijua kwa shaba, lakini tumboni mwake mlikuwa na zinki nyingi sana tena nzuri. Kazi ilisimama mwaka 1993, na maji yakaingia shimoni. Mwaka 2024 zinki ilianza kutoka tena. Huondoka ikiwa unga wa mawe uliosagwa, ikayeyushwe nchi za mbali. Basi mlinzi wa chuma alikuwa jirani yetu siku zote. Sisi twaisifu shaba. Misalaba yake mitatu iliwekwa hata katika bendera ya Katanga mwaka 1960, na jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hata 1997. Zinki haikupewa bendera wala jina la jimbo, lakini ndiyo inayotukinga na mvua.

MAPAA YA KATUBA

Katuba ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kusini ya mji, wakati watu walipozidi kuja kutafuta kazi. Kwa wengi mabati yalikuwa alama ya maisha mapya ya mjini. Hewa yetu si mbaya kwa mabati. Tuko mbali na bahari, na kwa miezi mingi ya kiangazi mvua hainyeshi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wana taabu kuliko sisi, maana upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huongeza mwendo wa kutu.

Lakini mji wetu ulikuwa na adui wake. Mawe mengine ya madini, kama yale ya Kipushi, yana kiberiti ndani yake, nayo yakiyeyushwa hutoa moshi mkali. Moshi huo ukikutana na umande au mvua huwa asidi. Asidi huivua zinki vazi lake upesi, na hapo chuma hubaki uchi. Katika sehemu ambazo upepo ulizoea kuupeleka moshi wa tanuru la Lubumbashi, hata miti ilikauka, na ardhi ikabaki tupu. Tanuru lile la kale lilizimika katika miaka ya 1990. Adui aliyebaki ni uzembe wetu wenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

Haya ndiyo tuliyojifunza kwa mafundi wenye maarifa, nasi tumeyajaribu.

Kwanza, usiruhusu shaba iguse bati, wala waya, wala msumari, wala bomba. Hata maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba na kuanguka juu ya bati huleta madhara. Tumia misumari ya mabati yenye vazi la zinki.

Pili, mabati yasiyopigwa bado yasilazwe chini yakiwa yamebanana na kulowa. Maji yakikaa katikati yake, huota unga mweupe, nayo ndiyo kutu ya zinki. Yasimamishe kwa mshazari, mahali pakavu, hewa ipite.

Tatu, ondoa majani, udongo na majivu juu ya paa kabla ya mvua za kwanza. Uchafu hushika maji kama sponji. Majivu yakilowa huila zinki.

Nne, ukiona doa jekundu, usingoje tundu. Lisugue kwa brashi ya waya wa chuma mpaka ling'ae, lifute, likauke, ndipo ulipake rangi ya kuzuia kutu. Rangi iliyopakwa juu ya kutu ni kama shuka safi juu ya kidonda.

Tano, jembe, panga na shoka vifutwe udongo kila jioni, vipakwe mafuta kidogo, na kuwekwa pakavu. Mnyororo wa baiskeli hali kadhalika: ufute kwanza, kisha mafuta, maana mafuta juu ya mchanga husaga chuma.

Sita, sufuria ya chuma kizito iliyoshika kutu isitupwe. Isugue kwa mchanga laini, ioshe, ikaushe motoni, ipake mafuta ya kula kidogo sana, uirudishe juu ya mbabula mpaka mafuta yashikamane nayo na kuwa ngozi nyeusi. Ikikauka vema kila baada ya kupika, itapika bukari mpaka kwa wajukuu.

Hata kazi kubwa za dunia hazina siri nyingine. Ule mnara wa chuma wa Eiffel, uliomalizika huko Paris mwaka 1889, bado umesimama kwa sababu watu huupaka rangi tena na tena, kila baada ya miaka saba hivi. Hakuna chuma kinachojilinda peke yake.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa yule mama pamoja na vijana watano wa jumuiya. Tuliukata waya wote. Mabati mawili yalikuwa yameharibika mno. Mengine tuliyasugua, tukayapaka rangi, tukayasogeza ili matundu yafunikwe na bati la jirani. Misumari ilikuwa ghali kuliko tulivyofikiri. Hapo mama mwenyewe akauchukua ule waya, akaupeleka kwa fundi mmoja anayefua bangili za shaba, akarudi na fedha za misumari, na chenji juu yake.

Tulipomaliza, alitazama juu, kisha akatuuliza kama yule mwuza mabati alikuwa mtu mwema tangu mwanzo. Tukamjibu kwamba ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kesho nitakwenda kumwamkia, maana nimemsema vibaya mtaa mzima."

Mvua ilinyesha usiku ule ule. Asubuhi tulipita kumjulia hali. Kitanda kilikuwa mahali pake, na yeye alikuwa amekwisha kwenda.